Nyumba Inayong'oka: Mbao za Goma Juu ya Ardhi Isiyotulia

Mama anayeivisha sombe huku redio imewekwa dirishani, asiizime. Habari ya leo inahusu ukuta alioupa mgongo.

Kipindi kinazungumzia nyumba ya mbao. Ile ya kawaida kabisa: mbao za mkaratusi zilizopigiliwa moja juu ya nyingine, bati juu, mawe meusi chini, na pengine mafuta machafu ya gari yamepakwa ukutani ili mchwa wakome. Nyumba ambayo mwenyewe, mgeni akimuuliza anakaa wapi, huitaja kwa sauti ya chini na kuongeza haraka kwamba bado anajipanga. Je, nyumba hiyo ni aibu? Au ni ubunifu ambao mji huu umeufanya miaka mingi bila kujisifu?

Tuanze na swali ambalo kila mgeni huuliza akishuka Goma. Mji huu umekaa juu ya mawe. Anayetaka jiwe la kujengea hahitaji kwenda machimboni; analipata ndani ya parseli yake, akilivunja kwa nyundo ili tu apate mahali pa usawa pa kukanyaga. Sasa, mji wenye mawe mengi hivi, kwa nini umejengwa kwa mbao? Jibu la haraka ni fedha, na ni jibu la kweli. Jiwe lenyewe karibu ni la bure, lakini saruji ya kulishika, nondo na mshahara wa fundi wa kuliweka si vya bure. Lakini anayeishia hapo amesikia nusu ya habari. Nusu nyingine iko chini ya miguu.

Mlima Nyiragongo una kimo cha karibu mita 3,470, na mji uko chini yake, kwenye mita kama 1,500. Tarehe 10 Januari 1977 ziwa la moto lililokuwa juu ya mlima lilipasua ubavu na kumwagika kwa muda usiofika saa moja. Tarehe 17 Januari 2002 lava ilishuka tena, safari hii ikapita katikati ya mji, ikafunika sehemu ya kaskazini ya uwanja wa ndege, ikaunguza maduka na kanisa kuu la Wakatoliki, ikaenda kuingia ziwani. Watu laki kadhaa walivuka mpaka kwenda Gisenyi, Rwanda. Kisha jioni ya tarehe 22 Mei 2021 mlima ukafunguka mara nyingine. Lava ilikata barabara ya kwenda Rutshuru, ikameza maelfu ya nyumba katika eneo la Nyiragongo, na ikasimama Buhene, mlangoni mwa mji.

Mara tatu, basi, katika umri wa mtu mmoja. Na baada ya kila mara, watu walifanya nini? Walirudi. Mwaka 2002 walirudi jiwe likiwa bado vuguvugu, wakasawazisha sehemu ya juu, wakasimamisha nguzo. Mashirika ya misaada yaligawa mbao, mabati na shitingi za plastiki, na mji ukainuka juu ya mji. Palipokuwa na chumba cha chini pakawa msingi wa chumba kipya.

Sasa tuweke jambo la leo mezani. Katika nchi nyingi wasanifu wa majengo wana mradi mmoja wanaoupenda sana siku hizi: jengo linaloundwa kwa vipande vya kipimo kimoja, linaloweza kuunganishwa na kufunguliwa, na linalojirekebisha kufuatana na hali ya mahali. Wasikilizaji wenye ndugu kule Ghuba huenda wametumiwa picha za minara miwili ya Al Bahar, Abu Dhabi, iliyomalizika mwaka 2012. Kuta zake zimevikwa miavuli ya pembetatu zaidi ya elfu moja kwa kila mnara. Jua likipiga upande mmoja, miavuli ya upande huo inajitandaza yenyewe. Jua likihama, inajikunja. Ni kazi nzuri, na yenye gharama kubwa.

Lakini Abu Dhabi adui ni jua. Goma jua si tatizo. Hapa wastani wa joto ni nyuzi 19 au 20, na usiku mtu anatafuta blanketi. Hali ya mahali ambayo nyumba ya Goma inapaswa kuijibu ni ardhi yenyewe: ardhi inayotoka moto, inayotikisika, inayotoa hewa mbaya, na juu yake mvua inayokula bati. Hakuna mtambo wa kompyuta unaojibu mambo hayo. Anayejibu ni fundi seremala mwenye nyundo na misumari. Tumtazame anavyojibu.

Fundi haanzi na ramani. Anaanza na urefu wa ubao unaouzwa sokoni na urefu wa bati, lile la mita 3 ambalo kila duka la vifaa linalo. Vipimo hivyo viwili ndivyo vinavyoamua upana wa chumba, mwinamo wa paa, na nafasi kati ya nguzo na nguzo. Kwa hiyo nyumba ya mtaa wa Katoyi na nyumba ya mtaa wa Ndosho, hata kama mafundi wake hawajawahi kuonana, zinafanana vipimo. Ubao wa hapa unaingia pale. Dirisha lililotolewa katika nyumba moja linaingia katika nyingine baada ya msumeno kupita mara moja. Familia ikiongezeka, chumba kinaongezwa upande wa nyuma. Fedha zikipatikana, mbao za chini zinatolewa na ukuta wa mawe unapandishwa hadi kiunoni, nusu mawe nusu mbao. Nyumba inakua kwa vipande.

Na inahama kwa vipande. Huko ndiko kwenye akili yake kubwa. Katika mji ambao wengi hupanga, na ambao hati ya ardhi ni kesi inayoweza kuzeeka mahakamani, mtu anaweza kuwa mwenye nyumba bila kuwa mwenye kiwanja. Wakigombana na mwenye parseli, misumari inang'olewa, mbao zinafungwa mafungu, mabati yanapangwa, na mzigo unapanda lori au chukudu mbili tatu, zile skuta za mbao za kubebea mizigo. Jioni nguzo zinasimama kwingine. Nyumba imefunguliwa kama kitanda siku ya kuhama. Ukuta wa mawe hauna njia hiyo: ukiondoka unauacha, na ukiuacha umeupoteza.

Nani atasema huo si usanifu?

Sasa tuje kwenye mtikisiko. Wengi mnakumbuka siku zile baada ya tarehe 22 Mei 2021. Lava ilikuwa imesimama, lakini ardhi ilikataa kutulia. Matetemeko yalifuatana usiku na mchana, mamia kwa mamia, na kubwa kati ya hayo lilifika 5.3. Barabara zilipasuka, na majengo mjini na ng'ambo kule Gisenyi yakapata nyufa, mengine yalianguka. Tarehe 27 Mei gavana wa kijeshi, Luteni Jenerali Constant Ndima, alitangaza kwamba mitaa 10 kati ya 18 ya mji ihame, na watu wakatoka kwa miguu kuelekea Sake, wengine Minova na Bukavu kwa njia ya ziwa, wengine Rwanda.

Katika siku hizo nyumba ya mbao ilionyesha tabia yake. Jiwe na saruji ni vigumu. Ardhi ikienda huku na huku, ukuta wa mawe usio na nondo hauna namna ya kuifuata, unapasuka. Ubao una mnyumbuko. Msumari unalia ndani ya tundu lake, nguzo inainama kidogo na kurudi, na mzigo wa juu ni bati tu, si zege. Hata ikianguka, uzito unaomwangukia mtoto aliyelala si ule wa ukuta wa mawe. Kwa hiyo wasikilizaji, tulikumbuke hili: katika mtikisiko, wepesi ni usalama. Mbele ya lava, kusema kweli, hakuna ukuta unaosaidia, wa mbao wala wa mawe. Tofauti ni kwamba mwenye ukuta wa mbao amepoteza kidogo, na aliyeonywa mapema anaweza kuondoka na mabati yake.

Jambo jingine ni mazuku. Wakazi wa upande wa magharibi, kuanzia kando ya ziwa hadi njia ya Sake, hawahitaji kufundishwa. Hewa ya kaboni inatoka kwenye nyufa za ardhi, na kwa kuwa ni nzito kuliko hewa ya kawaida, inakaa mabondeni na kwenye mashimo, hasa usiku na alfajiri wakati upepo umelala. Mbuzi hufa kwanza, au mtoto, kwa sababu vichwa vyao viko chini. Wataalamu wa volkano, wakiwemo wa Kituo cha Uchunguzi wa Volkano cha Goma, wamerudia ushauri uleule: usichimbe shimo la kulala au ghala chini ya nyumba, usilale sakafuni mahali panapojulikana kuwa na mazuku, acha hewa ipite. Nyumba ya mbao iliyoinuliwa juu ya vigingi au juu ya mawe ingesaidia hapo, upepo upite chini ya sakafu. Ajabu ni kwamba mafundi wengi hawaiinui. Wanaikalisha chini kabisa ili baridi isipande. Mtu anajikinga na baridi anayoiona na kuisahau hewa asiyoiona. Na tuseme wazi: sakafu ya juu haifanyi bonde la mazuku kuwa mahali pa kujenga. Bonde hilo ni la kuachwa.

Mvua tutaipita haraka, maana ina kipindi chake. Moshi wa Nyiragongo na wa jirani yake Nyamulagira unaifanya mvua iwe na asidi, na kwa kuwa upepo mwingi unatoka mashariki, wa Rusayo na Sake ndio huonja zaidi. Bati linakula kutu upesi. Hapo anayenunua bati jembamba la BG 32 kwa kuwa bei yake ni nafuu kuliko BG 28 anajikuta akilinunua mara mbili. Lakini tazama faida ya vipande: bati moja likitoboka, linabadilishwa lile lile. Paa zima halivunjwi.

Wasikilizaji, tutoke Goma kidogo tuone wenzetu waliojaribu jambo hili kwa njia nyingine. Mwaka 1949 Mfaransa mmoja, Jean Prouvé, fundi wa chuma aliyegeuka mbunifu, alitengeneza nyumba ya vipande vya chuma na alumini kwa ajili ya makoloni ya Afrika. Vipande vyake havikuzidi mita 4 kwa urefu, na kizito kabisa kilikuwa kama kilo 100, ili watu wawili waweze kukibeba. Paa lilikuwa na tabaka mbili, katikati tundu la kutolea joto, na pembeni vizuizi vya jua vya kugeuza. Moja ilisafirishwa kwa ndege hadi Niamey. Mwaka 1951 mbili zikajengwa Brazzaville, ng'ambo ya mto tu kutoka Kinshasa.

Ikawaje? Hazikuuzika. Kuileta alumini kutoka Ulaya kulikuwa ghali kuliko kujenga na vifaa vya palepale. Zilibaki tatu, zikachakaa jua na mvua, zikasahaulika, mpaka mfanyabiashara wa vitu vya kale alipofika takriban miaka hamsini baadaye, akazifungua na kuzirudisha Ufaransa. Mwaka 2007 moja iliuzwa kwa mnada New York kwa karibu dola milioni 5 za Marekani. Nyumba iliyobuniwa ili iwe rahisi kwa watu wengi ikaishia kuwa kitu cha makumbusho cha tajiri mmoja. Wakati huo huo fundi wa Goma, bila mnada na bila jina lake kuandikwa mahali, alikuwa anasimamisha nyumba za vipande kwa maelfu, kwa mti unaokua Masisi na Rutshuru. Prouvé alikuwa na kipaji, hilo halina ubishi. Vifaa vyake vilitoka mbali mno na mtu aliyehitaji kuvirekebisha.

Mfano wa pili uko karibu zaidi, na unauma zaidi. Mwaka 1994 wakimbizi wa Rwanda walipoingia Goma kwa mamia ya maelfu, walihitaji miti ya kusimamishia shitingi na kuni za kupikia, na msitu wa hifadhi ya Virunga ulikatwa vibaya. Mwaka huo huo UNESCO iliiweka hifadhi hiyo kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. HCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, ilijaribu kugawa nguzo za alumini mahali pa miti. Wakimbizi waliziuza, kwani alumini ni fedha, kisha wakarudi msituni kukata miti. Nani awalaumu? Hapo mbunifu Mjapani Shigeru Ban akaja na wazo la nguzo za karatasi ngumu iliyoviringishwa: nyepesi, zenye nguvu ya kutosha, na zisizo na bei sokoni. Mwaka 1999 vibanda 50 vya namna hiyo vilijaribiwa katika kambi ya Byumba, kaskazini mwa Rwanda. Jaribio lilifunza jambo ambalo kila mwenye duka la vifaa hapa Birere analijua: kipande cha nyumba ni mali, na anayebuni nyumba lazima ajue kitauzwa kwa bei gani siku ya njaa.

Jambo hilo limeonekana tena. Februari 2025, makambi ya waliokimbia vita yaliyoizunguka Goma yalipoachwa kwa haraka, kule Bulengo na kwingineko, watu walionekana wakivunja vibanda vyao, wakikunja shitingi, wakifunga miti mgongoni. Waliondoka na nyumba, au na kile kilichobaki cha nyumba.

Je, basi, nyumba ya mbao haina kosa? Ina makosa, na lililo kubwa kuliko yote lina jina moja: moto. Birere imeungua mara nyingi kiasi kwamba wenyeji hawahesabu tena. Mtaa wa Virunga nao unajua. Ukuta uliopakwa mafuta ya gari, ndani umebandikwa maboksi ya karatasi kuzuia upepo, makala yanawaka jikoni, waya za umeme zimeungwa kienyeji, na kati ya nyumba na nyumba hakuna hata nafasi ya kupitisha ndoo. Moto ukianza kwa mmoja, mtaa mzima unatoka nje na magodoro. Sifa zote tulizozitaja hazifuti hilo. Mji unaosifu ubao wake bila kuzungumza juu ya moto unajidanganya.

Lakini sikilizeni hoja. Kosa hilo liko kwenye namna ya kupanga nyumba kuliko kwenye ubao wenyewe, na hata dawa yake inaweza kuja kwa vipande. Ukuta mmoja tu wa mawe ya volkano kati ya nyumba mbili, mawe ambayo tayari yako kwenye parseli, unapunguza kasi ya moto na unampa jirani muda wa kutoa watoto. Jiko linaweza kutengwa kando, la mawe na bati, lisigusane na chumba cha kulala. Badala ya maboksi ndani, udongo uliochanganywa na majivu unaweza kupakwa juu ya fito. Unazuia baridi kuliko karatasi, na hauwaki. Mafuta machafu yangebaki kwenye nguzo zinazogusa ardhi, yasipande ukuta mzima. Yote haya fundi wa kawaida anayaweza bila kumwita mhandisi.

Kosa la pili ni msumari. Kila nyumba inapong'olewa, misumari inapinda na ncha za mbao zinapasuka. Nyumba iliyohama mara tatu imefupika. Katika karakana kadhaa duniani wanaounda nyumba za kufunguliwa hutumia bolti na nati, na ukuta unatengenezwa ukiwa fremu nzima chini, kisha unasimamishwa na kufungwa kwenye nguzo. Hapa bolti ni ghali kuliko kilo ya misumari, na mteja anahesabu franga. Hata hivyo hakuna haja ya bolti kila mahali. Nne kwenye pembe za kila fremu, misumari kwingine, na ukuta unaondoka mzima mzima. Ubao unaookoka unalipa gharama ya bolti.

Na mbao zenyewe zitoke wapi? Mkaratusi unakua upesi, na mashamba yake yamepandwa kwa wingi Kivu ya Kaskazini. Mradi wa EcoMakala wa shirika la WWF, ulioanza mwaka 2007, uliwahimiza wakulima kupanda miti ili makala na mbao zisitoke ndani ya hifadhi. Mti uliokatwa bado mbichi na kupigiliwa siku hiyo hiyo unajikunja na kuacha nyufa zinazoingiza upepo na vumbi jeusi. Mbao zikiachwa zikauke kivulini kwa wiki kadhaa, zikipangwa juu ya vijiti ili hewa ipite, nyumba ni nyingine kabisa. Lakini muuza mbao hana nafasi ya kuzikausha na mnunuzi hana subira, kwani ana watoto nje. Hapo ndipo chama cha mafundi, au parokia, au wilaya, ingeweza kufanya kazi kubwa kwa kitu kidogo: banda lenye paa na sakafu ya mawe, mbao zikae humo zikikauka, kila mmoja na fungu lake.

Benki haitaikubali nyumba ya mbao kuwa dhamana, hilo tunalijua. Ofisi nyingi huiandika kuwa ya muda, ingawa wapo waliozaliwa ndani yake, wakaoa ndani yake, na sasa wanalea wajukuu ndani yake. Maadamu inaitwa ya muda, hakuna anayeona haja ya kuiwekea kanuni: nafasi gani kati ya nyumba na nyumba, jiko likae wapi, waya upite wapi, sakafu iinuke kiasi gani upande wa mazuku. Wanafunzi wa ujenzi wa hapa hapa mjini wanafundishwa hesabu za zege na nondo, na ni sawa wafundishwe. Lakini wengi wao wamelelewa ndani ya nyumba ya mbao, na wakihitimu wataitwa kutengeneza nyumba ya mbao ya shangazi kabla hawajaitwa kujenga ghorofa. Wangeanza kwa kuipima ile waliyomo.

Muda umetutupa mkono. Wiki ijayo kipindi kitapanda juu ya paa: mifereji, mapipa, na kwa nini maji ya kwanza ya mvua yaachwe yamwagike kabla ya kufungua pipa. Mafundi seremala wawili watakuwepo kujibu maswali ya wasikilizaji, kwa hiyo mwenye swali kuhusu bolti, bei zake na mahali pa kuzipata, alilete mapema.